BARUA YA WAZI KWA WAKUBWA WA MFUKO: MIEZI YANGU 214 IKO WAPI?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na wafanyakazi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa pensheni na wajumbe wa Bodi,
Nakala: kijana wa dirisha namba 4.

YAH: KUOMBA KUHESABIWA MIAKA NILIYOFANYA KAZI

Waheshimiwa, salaam. Kwa umri wengi wenu ni wanangu, kwa hiyo shikamoo naisubiri mimi, ila kwa vyeo nyie ndo wakubwa zangu, basi tugawane, nyie mniamkie na mimi niwapigie saluti. Saluti naijua, nimesimama mageti ya watu miaka tisa.

Jina la Mfuko silitaji, na ofisi ya mkoa wala mwajiri yeyote sitamtaja. Mnajijua. Naandika kwa simu ya kijana wangu, mkikuta herufi zimerukana mnisamehe, vidole vimekula gundi ya viatu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilifikisha miaka 60 mwaka 2021 nikaacha kazi, nikaja kwenu na picha mbili za pasipoti na kitambulisho nikijua nimemaliza mwendo. Kwa wasiojua, sheria inataka uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15, ndo ulipwe pensheni kila mwezi mpaka siku yako ifike. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kawaida 10 unakatwa wewe 10 anaweka mwajiri. Ukipungua hiyo 180 unapewa hela ya mkupuo, unashukuru, unaenda. Mimi nimeanza kazi mwezi wa tatu 1979. Nikawaza hata wakikosea kuhesabu siwezi kukosa 180.

Kijana wa dirisha namba 4 akabofya bofya, akaniambia, "Mzee una miezi 141." Nikamwambia baba hebu angalia tena. Akaangalia, 141. Alafu akauliza kwa adabu kabisa, wala sio kwa dharau, "Ila mzee mbona hapa kati ya 1995 na 2007 hakuna kitu, ulikuwa umepumzika?"

Nilicheka pale pale watu wakageuka. Usiku nimelala nikaona mbona sio kichekesho. Toka siku hiyo nimerudi ofisini mara 23, nimeandika barua nne, moja ina muhuri wenu wa kupokelewa, na majibu niliyopata ni ya mdomo: mtandao uko chini, faili liko makao makuu, mhusika yuko semina, mzee njoo Alhamisi. Alhamisi zimekuwa nyingi sasa. Ndo maana leo naliweka hadharani, kwa mafungu, kila kazi na miezi yake.

1. MKONGE, MIEZI 46. KWENU: SIFURI

Nimezaliwa kambi ya shamba la mkonge mkoani Tanga, baba alikuwa mkataji. Yeye alianza enzi za kipande, ile kadi ya mkoloni ambayo mpaka umalize siku 30 za kazi ndo unalipwa, siku ukiumwa haihesabiki, kwa hiyo mwezi wa baba ulikuwa unaweza kuwa na siku 45. Nilikuwa nadhani mambo hayo yalikufa na mkoloni.

Mimi nilianza kukata nina miaka 17 kwenda 18. Majani 30 fungu moja, unafunga, unapanga, unakimbilia fungu lingine, ncha ya mkonge ikikuchoma jichoni ndo basi tena, na utomvu unawasha mpaka kwenye ndoto. Baadaye nikahamishiwa korona, pale mashine inasaga majani kwa maji zinatoka singa, yaani nyuzi. Kilo 100 za majani zikiingia singa zinatoka kama kilo 4, zilizobaki ni tope linaloenda mtoni. Siku naambiwa mkonge nina sifuri nikasema aah, kumbe michango yangu nayo ilipitishwa korona, tena yenyewe hazikutoka hata hizo singa nne.

Tulikuwa tunakatwa. Nina karatasi za malipo sita tu za miaka hiyo, zingine zililiwa na mchwa nyumbani kwa mama na hilo kosa nalikubali ni langu. Ila nyie mlikuwa na daftari. Shamba lilikuwa la serikali, yaani serikali ilikata mshahara ikapeleka kwenye akiba ya serikali, na leo serikali inaniuliza mimi ushahidi.

2. KIWANDA CHA NGUO, MIEZI 137. KWENU: 62

Hapa niruhusuni nirudi nyuma kidogo. 1983 nilikuwa nimeingia Dar, nauza karanga Kariakoo, nikakumbwa na Nguvu Kazi. Vijana hamuijui hii, ilitungwa sheria mwaka huo kwamba kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika, asiye nayo anakamatwa kama mzururaji anarudishwa kijijini akalime. Nikawaambia nauza karanga, wakasema karanga sio kazi. Nikapandishwa lori. Mwezi wa pili 1984 nikarudi Dar na barua ya mjomba, nikapata kiwanda, na nikaapa sitakaa tena siku moja bila kazi inayotambulika na serikali. Mnaona basi kichekesho kilipo.

Shifti tatu kwa zamu. Mashine za kufuma zinapiga kelele mpaka mkitoka nje mnaongea kwa ishara, sikio langu la kushoto nililiacha mule. Tulifuma khanga, vitenge, mashuka ya hospitali. Nikipita mtaani nikaona mama kavaa khanga yetu namwambia mwenzangu ile ni ya mashine yangu, uongo mtupu, ila raha yake naijua mwenyewe. Katikati ya miaka ya themanini vipuri hamna, umeme unakatika, alafu ikaja ruksa ya biashara ya Mzee Mwinyi, Rais wa wakati ule, na mitumba ikaingia kwa marobota. Sisemi mitumba ni mibaya, wanangu wameivaa. Ila kiwanda kikaanza kukohoa. Mshahara unachelewa miezi miwili, mitatu, na ukija unakuja na makato kama kawaida. Juni 1995 tukapunguzwa, ubinafsishaji, tukapewa barua na mkono wa kwaheri.

Slipu za kiwanda ninazo zote 137. Nimezifunga kwa mpira wa baiskeli ziko kwenye mfuko wa rambo, ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku 2019, msije mkanikamata na kwa hilo. Kila slipu ina mstari wa makato. Kwa hiyo mfuko wangu wa rambo umetunza kumbukumbu kuliko Mfuko wenu wenye ghorofa na lifti.

Na kabla hamjasema, maana nimeshaambiwa mara mbili, "labda ulijitoa ukachukua chako." Wengi walijitoa kweli baada ya kupunguzwa, siwalaumu, watoto walikuwa na njaa. Mimi sikujitoa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alisema hiyo hela iache itatusaidia uzeeni. Kama kuna fomu ya kujitoa yenye sahihi yangu nionyesheni, nimeiomba toka 2022.

3. ILE MIAKA 12 "NILIYOPUMZIKA"

Kwenye hii sidai miezi. Nadai heshima tu, na nieleweke vizuri hapo.

1996 nilienda Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite. Unashuka shimoni kwa kamba, wenzako wanakuita mwanaapolo, joto la kule chini na moshi wa baruti sina namna ya kukuelezea. Mshahara hamna. Bosi anatoa ugali na maharage, mawe yakitoka mnagawana, yasipotoka mnagawana njaa. Zile mvua za El Nino mwaka 1998 maji yaliingia mashimoni usiku watu wengi wakafia humo humo. Mimi zamu yangu ilikuwa ya asubuhi, ndo maana mnasoma barua hii. Niliokaa nao mezani jana yake wawili hawakupatikana kabisa. Miaka mitatu ile nilipata tanzanite mara moja ya maana, nikanunua bati 30 na cherehani ya mke, basi. Nikisikia yule bwana wa 2020 aliyeuza mawe mawili kwa bilioni 7.7 nampongeza kwa moyo mweupe, tulikuwa maelfu na yeye ni mmoja.

Toka 2000 mpaka 2007 daladala, Mbagala kwenda Kariakoo. Nilianza konda deiwaka, yaani wa kushikizwa kwa siku, nikapanda nikawa dereva. Saa kumi alfajiri uko stendi, saa tano usiku unahesabia tajiri hela yake. Hesabu ikipungua unafidia, trafiki akikushika unafidia, gari likilala gereji huli. Mkataba hamna. 2015 madereva waligoma nchi nzima wakidai mikataba, mi nilikuwa nishaacha lakini siku ile nilitembea kwa miguu kutoka geti nililokuwa nalinda mpaka Mbagala na wala sikunung'unika.

Kwa hiyo wanangu, nilipumzika wapi? Kwenye kompyuta yenu mahali penye sifuri pana mtu alikuwa amening'inia mlangoni anaita abiria. Sio kosa la kijana wa dirisha, hivo ndo alivyofundishwa kuusoma mstari. Ila mbadilisheni swali. Aulize, "Mzee miaka hiyo ulifanya kazi gani ambayo haikuchangiwa?" Haigharimu kitu.

4. ULINZI, MIEZI 108. KWENU: 31

Hili ndo lilinifanya nianze kuandika, na naomba Mheshimiwa Waziri ulisome mwenyewe sio msaidizi.

Mei 2007 niliajiriwa kampuni ya ulinzi, kweli safari hii na mkataba wa kuandikwa. Mshahara ulianzia 90,000, nakatwa 9,000. Baadaye 150,000, nakatwa 15,000. Kila mwezi bila kukosa. Tulikatwa na sare, na viatu, na mara moja tulikatwa rungu, mwenzangu alivunja rungu la kampuni kwa kumpiga mwizi na likakatwa kwake. Mvua, mbu, usingizi wa kuibia ukiwa umesimama, hayo tuyaache.

Mwaka 2011 nikapangiwa lindo jipya. Jengo la nani? La kwenu. Ofisi ile ile. Miezi 14 nimefungua geti lile asubuhi wafanyakazi wenu wanaingia na chai zao, jioni nawafungia. Mkurugenzi wa mkoa wa wakati ule alikuwa ananipa hela ya maandazi, mtu mwema sana. Kila mwezi Mfuko unailipa kampuni yangu hela ya ulinzi. Kampuni inachukua hela yenu, inatoa mshahara wangu, inakata asilimia 10 yangu kwa jina lenu, alafu haiwaletei. Yaani ile hela ilikuwa inatakiwa itembee hatua kumi tu kutoka getini mpaka ndani, na haikufika.

Nimeangalia hiyo miezi 14 kwenye statementi. Imechangiwa miezi miwili.

Mtasema, na mmeshasema, "mzee mwajiri wako hakuwasilisha, kamfuate yeye." Nimfuate wapi? Kampuni ilibadilisha jina mwaka 2017, magari yale yale, mkurugenzi yule yule, rangi ya sare tu ndo imegeuzwa. Mi ni mlinzi, sina askari wa kumkamata. Nyie mna wakaguzi, mna wanasheria, sheria imewapa meno ya kumfikisha mahakamani. Na huyu hakuwa amejificha Katavi, alikuwa anakuja kuchukua hundi kwenu! Kuna mtu mmoja ndani ya jengo lile aliwahi kulinganisha majina ya walinzi wake mwenyewe na daftari la michango? Hata kwa kudokoa tu?

Wenzangu tuliokuwa lindo moja tulikuwa wanane. Watatu wameshatangulia na hawakulipwa hata mkupuo wa hiyo miezi iliyopotea.

5. BASI LA SHULE, MIEZI 64. KWENU: 48

Hapa ni padogo. Juni 2016 mpaka Desemba 2021 niliendesha basi la shule binafsi, kazi niliyoipenda kuliko zote, watoto walikuwa wananiita babu bas. Kipindi cha corona shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa mwishoni mwa Juni, miezi mitatu hatukulipwa, hiyo sijaihesabu, sio hela ya mtu. Ila 16 mingine nilikatwa na haionekani. Karani wa shule ananiambia iliingia kwa mtu mwingine kwa sababu jina langu kwenye kadi ya zamani lina Z na kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA lina DH. Kwa hiyo kuna mwenzangu huko ana miezi yangu. Namsalimia.

Sasa jumla. 46 na 137 na 108 na 64 ni 355. Toa 141, imepotea 214. Na mimi ninapungukiwa 39 tu kufikia 180. Mkiipata miezi ya mkonge peke yake nishavuka. Mkiipata ya lindo la mlangoni kwenu na ile ya basi, nayo inanisogeza karibu. Wenzangu mitandaoni wanagombana na kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, mkupuo uwe asilimia 33, sijui 40, nawaonea wivu, mwenzenu hata mlango wa kikokotoo sijaufikia.

VISINGIZIO NINAVYOVIJUA

"Kumbukumbu za zamani zilikuwa za makaratasi." Sawa, na mimi yangu ni makaratasi, yapo. Mbona mkopo wa mtu wa mwaka huo huo huwa haupotei?

"Sheria ni sheria, 180 ni 180." Nakubaliana na nyie kabisa. Sijaomba kupunguziwa hata mwezi. Nimeomba kuhesabiwa.

"Mzee chukua tu mkupuo ukafungue biashara." Hili niliambiwa Februari mwaka jana. Nina miaka zaidi ya 60, biashara ninayo, nashona viatu kibarazani. Na mwingine, huyu alinivunja mbavu, alinipa kipeperushi akaniambia nijiunge na mpango wa hiari wa wajasiriamali nianze kuchangia upya. Miezi 39 ya kuchangia kwa sindano ya viatu wakati 214 niliyoichangia kwa jasho iko mahali fulani inazaa faida kwa mtu.

NINACHOOMBA

a) Slipu zangu zipokelewe kama ushahidi, zikaguliwe, na nipewe karatasi yenye muhuri kwamba zimepokelewa ngapi. Nakala nitatoa mwenyewe, orijino hazitoki kwenye rambo bila mimi kuwepo.

b) Mwanachama asitumwe kumtafuta mwajiri aliyemuibia. Kama makato yanaonekana kwenye slipu, mwanachama ahesabiwe miezi yake, alafu Mfuko ndo umkimbize mwajiri. Nyie mna mbio kuliko mimi.

c) Kila mzabuni wenu, wa ulinzi, wa usafi, wa chakula, kabla hajalipwa hundi aonyeshe michango ya watu wake mwezi huo. Anzeni na hao walio getini leo. Nimewauliza, hawajui kama wanachangiwa.

d) Miezi 16 iliyoingia kwa mtu mwingine irudi, kwa barua, bila kunituma tena kwenye kiapo, nishaapa mara mbili na wakili nimemlipa.

e) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30 na mtu mwenye jina na cheo. Asiwe "mhusika".

Nimemaliza. Alhamisi hii nakuja, mara ya 24. Nitakaa benchi la tatu chini ya ile feni isiyozunguka, nitakuwa nimevaa shati la kiwanda, bado lipo, pamba ya kweli ile. Rambo nitaipakata.

Wenu,
Mwanachama wa miezi 141 (hesabu yenu), miezi 355 (hesabu ya rambo),
Mbagala, Dar es Salaam.

NB: Kijana wa dirisha namba 4, kiatu chako cha kushoto soli imeachia upande wa ndani, niliiona mara ya mwisho ulipotoka kwenda kunywa chai. Njoo nacho Jumamosi nikutie uzi, sikudai kitu.